Anwani ya Yaya

Katibu wa ubalozi aliingia ofisi ya vitambulisho akiwa na boksi la chokoleti mkononi, na hapo hapo Shangazi akajua kwamba kinachokuja si cha kheri. Miaka yote aliyokaa nyuma ya kaunta ile alikuwa amejifunza jambo moja: mwenye ombi halali huja na picha mbili na fomu, mwenye ombi la magendo huja na kitu kitamu.

"Karibu, katibu," alisema. "Leo nani kazaliwa?"

"Hakuna, Shangazi. Nimewakumbuka tu."

"Ukiona ubalozi umekukumbuka, funga madirisha," Shangazi alisema, na kicheko chake kikajaa chumba kizima. Katibu naye akacheka, ingawa hakujua kama ametaniwa au amefukuzwa. Shangazi ndivyo alivyokuwa. Hakuwa na undugu na mtu yeyote pale wizarani, lakini kuanzia mlinzi wa geti mpaka wakubwa wa ghorofa ya juu wote walimwita Shangazi, kwa kuwa alikuwa na ile tabia ya mashangazi ya kukumiminia chai huku anakusema.

Kazi yake ilikuwa hii. Kila mgeni aliyetumwa na serikali yake kuja ubalozini, na kila mtu aliyeletwa na mgeni huyo, kuanzia balozi mwenyewe hadi anayemwoshea balozi vikombe, sharti apite mbele ya kamera ya Shangazi, apigwe picha ya kadi, na aache habari zake: jina, mwaka wa kuzaliwa, nyumba anayolala, simu, na mtu wa kupigiwa likitokea la kutokea. Shangazi aliwajua mabalozi waliopunguza umri kama mtu anavyopunguza suruali. Alijua nani kamwandika mkewe kuwa mtu wa kupigiwa na nani kamwandika jirani. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe, fundi friji, ambaye alimchimba miaka na miaka asipate hata maji ya chumvi.

"Nina jambo dogo," katibu alisema, akivuta kiti. Alikuwa mtu nadhifu. Marashi yake yalifika kabla yake. "Ni kuhusu yaya wa balozi wetu. Yule aliyeondoka nyumbani."

"Aliondoka, au alitoroka?"

"Aliondoka bila kuaga. Watoto wanalia. Mke wa balozi hali, halali. Tuna wasiwasi na usalama wake."

"Poleni. Huo wasiwasi umewaanza lini?"

Katibu akaliruka swali kama mwenye viatu vipya anavyoruka dimbwi. "Tunajua ameleta anwani mpya hapa. Ni sharti la sheria. Tunaiomba tu, tumfikishie vitu vyake. Hata tiketi ya kurudi kwao tumeshamkatia. Ndege ni Jumamosi."

Shangazi aliacha kutabasamu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Alimkumbuka yaya vizuri. Alikuja wiki chache nyuma kuchukua kadi mpya, na kwa watumishi wa nyumbani ofisi ile ilikuwa na desturi yake: kadi haitumwi, haichukuliwi na dereva, haikabidhiwi mwajiri. Mtumishi huja mwenyewe, huingia chumba kidogo cha ndani pamoja na ofisa, na mwajiri, hata akiwa balozi na bendera yake, hubaki nje kwenye benchi. Mlango ukishafungwa, ofisa huuliza. Unalipwa? Unalala wapi? Pasipoti yako anayo nani? Wengi hujibu "vizuri tu" huku macho yako mlangoni. Yaya hakujibu hivyo. Alikunja mkono wa sweta akaonyesha alama ya pasi, na ncha yake kabisa, imejichora juu ya kiwiko. Halafu akasema, kwa Kiswahili alichofundishwa na mtunza bustani, pamoja na matusi yote ya mtunza bustani, kwamba pasipoti yake imefungiwa kwenye sefu ya balozi, na kwamba yeye kule harudi hata wamtandikie zulia.

Siku hiyo alitokea mlango wa nyuma. Mke wa balozi alibaki kwenye benchi mpaka wafagizi wakamwomba anyanyue miguu.

Sheria ilimpa yaya miezi miwili atafute mwajiri mwingine, kwa sharti moja tu: wizara ijue anakolala. Ndiyo maana alirudi kesho yake kuandikisha anwani. Aliitoa ili awe mtu halali, asiishi kwa kujificha. Sasa waliomfanya akimbie walikuwa wanaitaka hiyo hiyo.

"Katibu," Shangazi alisema, "yule mtu habari zake alitupa sisi. Hakuwapa ninyi."

"Lakini ni mtumishi wetu. Kadi yake ina jina la ubalozi wetu."

"Hata begi ukisafiri linabandikwa jina la shirika la ndege. Nguo zilizomo ni za mwenyewe."

Katibu akasimama. Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini macho yalikuwa yameshaondoka. "Basi itabidi nipande juu."

"Panda, kaka. Na chokoleti zako panda nazo, huku kuna joto."

Juu kulikuwa kwa mkurugenzi wa itifaki. Wafanyakazi walimwita Bwana Haraka, yeye akiwa hayupo. Kwake hakuna lisilokuwa la haraka. Hata rambirambi aliziandika zikigongwa muhuri mwekundu wa HARAKA, kama vile marehemu angechelewa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu asiyeweza kushika kitu kizito kwa muda mrefu. Akipewa mzigo, macho yake huanza kutafuta wa kumtwika.

Alimwita Shangazi kabla chai haijapoa. Katibu alikuwa ameshaondoka, ila marashi yake yalikuwa bado yamekaa kwenye kiti.

"Shangazi, mpe yule bwana anwani, yaishe."

"Yaishe kwa nani, mkurugenzi?"

"Usianze. Yule ni mtu wao." Bwana Haraka alifungua kabati la nyuma yake kwa kishindo. "Tazama mwenyewe. Majalada yamepangwaje humu? Ubalozi, ubalozi, ubalozi. Watu wako ndani ya jalada la ubalozi wao. Yule yaya yuko ndani ya jalada lao. Wanaomba chao."

Hilo ndilo lilikuwa kosa la nyumba ile, na Shangazi alilijua kwa kuwa lilimsumbua tangu aajiriwe. Ofisa fulani wa zamani, aliyekwisha kustaafu na kusahauliwa, alipanga majalada hivyo ili yatafutike kwa urahisi. Baadaye watu wakaanza kuliamini kabati. Mtu akiwekwa kwenye rafu ya wenye nguvu, wakaona amekuwa mali yao.

"Mkurugenzi, kijiko nacho kinalala kwenye droo," alisema. "Lakini hakilishi droo."

"Waziri anakwenda kwao mwezi ujao. Kuna mkataba wa barabara. Unataka barabara ikwame kwa ajili ya yaya?"

"Barabara ya kupita juu ya mtu, mimi nitazunguka kwa miguu."

Bwana Haraka akageuza kompyuta kumwelekezea. Kwa utaratibu wa mfumo wao, habari za mtu hazikutoka nje ya wizara mpaka nywila mbili ziingizwe: ya Shangazi kwanza, kisha ya mkurugenzi. "Weka yako. Dakika moja tu."

Shangazi akaingiza mikono kwenye mifuko ya koti lake la kazi. "Mikono yangu leo iko likizo."

Mkurugenzi alimtazama, kisha akashusha sauti. "Unakumbuka ghala?"

Alikumbuka. Zamani, chini ya mkurugenzi mwingine, mkubwa mmoja alimwona binti wa ubalozi fulani kwenye tafrija, kesho yake akatuma mtu achukue simu yake kwenye rekodi. Shangazi akamjibu yule mjumbe kwamba mapenzi hayana jalada. Kwa utani huo alihamishiwa ghala la samani mbovu, chini kabisa ya jengo, akakaa huko na viti visivyo na miguu mpaka akaanza kuvipa majina. Rafiki zake wa ofisi walisahau njia ya kushuka. Aliporudishwa juu, kicheko kilikuwa kile kile, ila woga ulikuwa umebaki kule chini pamoja na viti.

"Nakumbuka sana," alisema. "Kulikuwa na amani. Viti havileti chokoleti."

"Haya." Bwana Haraka alikaa, akaanza kubofya kalamu yake, tik tik tik. "Basi sikugusi wewe. Ile anwani mwenyewe hajaithibitisha mbele yangu na mbele yako, kama inavyotakiwa. Nikiandika kwamba haijathibitishwa, inafutwa. Asiye na anwani ni mtoro. Mtoro ni wa uhamiaji, na uhamiaji wakimpata watampandisha ndege hiyo hiyo ya Jumamosi. Kesho saa nne, Shangazi. Ama nywila yako, ama naifuta."

Shangazi alishuka ngazi taratibu, mkono ukutani. Akitoa anwani, wanamfuata. Akikataa kuitoa, wanamfuta. Milango miwili, na yote inatokea kwenye ndege moja.

Simu ya ofisi hakuiamini, kwa hiyo alimpigia yaya kwa simu ya mumewe, akamwambia wasikutane anakoishi wala karibu yake. Walikutana jioni kwenye karakana ya fundi friji, katikati ya mafriji yaliyofunguliwa matumbo, mabomba ya shaba yaliyokunjwa na mipira ya milango iliyotundikwa misumarini kama nyoka waliokauka. Yaya alikuja moja kwa moja kutoka kwa dobi mmoja aliyempa kazi ya kukunja mashuka. Alikuwa mwembamba, mkono mmoja umefunikwa na sweta ingawa kulikuwa na joto, na alisalimia kila mtu kwa heshima kubwa kisha akalitukana kopo la rangi alilojikwaa, akaomba radhi kwamba Kiswahili chake ni cha mtunza bustani wa balozi.

"Huyu mtunza bustani wenu nimempenda," fundi alisema. "Kafundisha vizuri."

"Kaa, mwanangu," Shangazi alisema, akamwelekeza kwenye kreti. Akamweleza yote, bila kupunguza na bila kuongeza: katibu, tiketi, mkurugenzi, saa nne, na kwamba akija mwenyewe kuithibitisha anwani, haifutiki.

Yaya alisikiliza akiwa amekumbatia magoti. "Kwa hiyo nikikaa kimya, wananifuta. Nikija, wananiona."

"Ndivyo."

"Iko njia ya tatu," fundi alisema, akipiga kofi friji moja kubwa jeupe. "Uhamie humu. Halipoi hata kidogo, mafua hutapata."

Yaya alicheka mpaka akajifuta machozi, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea kidogo. Shangazi hakumbembeleza. Alimsubiri.

"Sitakudanganya," alimwambia. "Ukiwa ndani ya wizara, hakuna wa kukugusa. Ukishatoka getini, sijui. Mimi naweza kumkatalia mkurugenzi mpaka kesho kutwa, lakini siwezi kumkatalia kwa niaba yako. Wewe ndiye mwenye habari zako. Unataka nini?"

Mahali fulani kwenye karakana, friji moja lililopona lilikuwa linanguruma polepole.

"Kule nilikuwa nalala chumba cha kufulia," yaya alisema. "Mlango unafungiwa nje. Usiku nikisikia hatua, najifanya nimelala. Mama akipita, nimelala. Baba akipita, nimelala. Shangazi, nimechoka kujifanya nimelala." Akasimama, akapangusa sketi. "Kesho nakuja. Na nitavaa viatu vya kelele."

Alipoondoka, fundi alirudi kwenye kazi yake, akawasha kibomba cha moto, akakizima tena. "Ghala tena, mama watoto?"

"Huenda."

"Basi safari hii ukija jioni uwe unabeba kiti kimoja kimoja. Mimi nitavitia miguu."

Asubuhi katibu alikuwa kwenye benchi mapema kuliko wafagizi. Hakuja na chokoleti. Alikuja na mwanamume wa mabega mapana, asiyesema neno, ambaye alijaza nusu ya benchi na kufanya nusu nyingine ionekane ndogo.

Viatu vya yaya vilisikika kabla hajaonekana. Ko, ko, ko, juu ya vigae vya ukumbi, kila hatua imekanyagwa kwa makusudi. Watu wa foleni waligeuka. Katibu aliruka wima, mikono imefunguliwa kama mtu anayempokea ndugu kutoka ughaibuni.

"Ah, binti yetu! Tumekutafuta sana! Twende, gari liko nje, watoto wanakungoja!"

Yule wa mabega naye akasimama.

"Kaeni, ndugu zangu," Shangazi alisema kutoka kwenye kaunta, kwa sauti ya ukumbi mzima. "Mtumishi akiingia, mwajiri anabaki kwenye benchi. Muulizeni mke wa balozi, hilo benchi analifahamu."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka puani. Wale wawili wakakaa. Yaya akapita mbele yao bila kugeuza shingo, akaingia mlango aliofunguliwa na Shangazi.

Bwana Haraka aliteremka akiwa anatazama saa yake. Chumba kile kidogo kilikuwa na meza, viti vitatu, dirisha linalotazama tangi la maji, na pakiti ya karatasi laini za kufutia machozi, ambayo Shangazi aliijaza mwenyewe. Mkurugenzi hakuwahi kukaa humo hata siku moja. Alikuwa akipelekewa majibu juu, akayasaini huku simu iko sikioni.

"Haya, Shangazi, uliza basi, tumalize."

"Leo unathibitisha wewe, mkurugenzi. Uliza wewe."

Alitaka kubisha, akamwona yaya anamtazama, akavuta fomu. Jina. Mwaka. Unalala wapi? Yaya akasema anakolala, jengo na chumba, naye akaandika. Mpaka hapo kalamu ilikwenda mbio. Ikafika swali la pasipoti.

"Iko kwenye sefu ya balozi," yaya alisema. "Andika."

"Nitaandika kwamba, eeh, imehifadhiwa..."

"Haijahifadhiwa. Imefungiwa. Andika, kaka."

Aliandika. Swali lililofuata liliuliza kama mtumishi amewahi kuumizwa kazini. Bwana Haraka alilisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, akatazama kama anaweza kuliruka. Yaya hakumpa nafasi. Alikunja sweta, akaweka mkono mezani, juu ya fomu, katikati ya mistari. Mkurugenzi alitazama ile alama ya pasi. Kisha akatazama tangi la maji, kwa muda mrefu kuliko tangi lolote linavyostahili.

"Toa mkono kidogo," alisema hatimaye, kwa sauti nyingine. "Niandike."

Lilibaki moja. Aliliuliza huku anaipanga upya karatasi ambayo haikuwa imepotoka. "Unakubali ubalozi upewe anwani yako?"

"Hapana."

"Ufikirie vizuri. Wana nia njema. Tiketi imeshakatwa..."

"Wapande wao."

"Kuna mambo makubwa hapa, dada. Kuna ziara ya waziri..."

"Waziri simjui. Yeye ananijua?"

Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi, ncha chini, haiendi.

"Hapana ni neno fupi," yaya alisema. "Liandike, kaka. Si una haraka?"

Shangazi aliuma mdomo wa chini asije akaangua kicheko. Aliona mkurugenzi anainamisha kichwa, anaandika. Na alipomaliza, Shangazi aliona jambo ambalo hakulitarajia: mabega ya yule mtu yalishuka, kama ya mpagazi aliyetua gunia. Ndipo alipomwelewa. Miaka yote Bwana Haraka aliogopa kusema hapana kwa wakubwa. Sasa alikuwa amepewa hapana ya mtu mwingine, imeshaandikwa, nyepesi kubeba. Angeweza kutembea nayo mpaka popote.

Alitoka nayo mpaka kwenye benchi, yaya na Shangazi wakimfuata. "Katibu," alisema, akiwa amenyoosha tai, "serikali haijakukatalia. Mhusika mwenyewe amekataa. Nimemuuliza mimi, na nimeandika mimi. Anwani imethibitishwa, na haitoki."

Katibu alibadilika rangi. "Mtajibu haya kwa waraka."

"Tuandikieni. Tutaujibu."

"Basi arudishe kadi. Kadi ni ya ubalozi."

Mkurugenzi akamgeukia Shangazi, na Shangazi, kwa uchungu, akaitikia kwa kichwa. Hilo lilikuwa kweli. Bila kadi, yaya angebaki na karatasi ya muda tu, ya kukunjwa mara nne na kuonyeshwa kila askari atakayeisoma huku anaigeuza geuza. Lakini yaya alikuwa ameshaivua shingoni. Hakuiweka mkononi mwa katibu. Aliiweka kwenye benchi, karibu yake, kama mtu anayerudisha sahani.

"Chukueni. Kwanza picha yenyewe mbaya."

"Nimeipiga mimi hiyo," Shangazi alisema.

"Samahani, Shangazi. Lakini ni mbaya."

Foleni nzima ilicheka. Katibu akaiokota kadi, akainama kidogo kuelekea sikio la yaya, akasema kwa upole, "Utatoka humu. Na sisi tuna gari."

Shangazi alilisikia. Alikuwa anatafuta karatasi ya muda kwenye droo wakati Bwana Haraka alipopita nyuma yake, akasema mbio mbio, bila kumtazama, "Jumatatu uripoti ghala. Si mimi, ni juu. Watanipigia tu, bora niwaambie nimeshachukua hatua."

"Viti vyangu havijambo?"

"Shangazi, tafadhali."

"Sawa. Leo sasa naomba ruhusa ya kutoka."

"Ya nini?"

Shangazi aligonga muhuri kwenye karatasi ya yaya, akabeba mkoba. "Namsindikiza mgeni. Si ndiyo itifaki?"

Walipotoka getini, gari jeusi lenye namba za kibalozi liliondoka kwenye kivuli likaanza kuwafuata kwa mwendo wa mguu, katibu kwenye kiti cha nyuma, mabega kwenye cha mbele. Walipita mbele ya duka la fotokopi, likapita. Walisimama kwa fundi simu, likasimama. Yaya alimshika Shangazi mkono, akaubana hasa. Akirudi kwake, kazi yote ya asubuhi ile itakuwa bure: walichonyimwa kwa kalamu watakipata kwa matairi. Asiporudi, alale wapi, leo na kesho, mpaka ndege ipite?

"Tukimbie?" yaya aliuliza.

"Kwa magoti haya? Utakimbia na mkoba wangu, mimi utanikuta hapa."

Yaya hakucheka. Alitembea hatua chache zaidi, viatu vikilia. Kisha akasimama katikati ya njia. "Kituo cha polisi kiko wapi? Haya nataka yaandikwe, na hilo gari lisinifuate mpaka kwangu."

"Kiko mbele, baada ya mzunguko. Lakini mwanangu, nikuambie ukweli. Balozi hashtakiki. Ana kinga."

"Sijauliza kama anashtakika, Shangazi. Nimeuliza kiko wapi."

Shangazi alimtazama. Uso wa yaya ulikuwa umelowa jasho, lakini haukuwa uso wa mtu anayejifanya amelala. "Nyooka moja kwa moja," alisema.

Wakashuka kwenye ukingo wa njia wakaingia barabarani kabisa, mbele ya gari jeusi, wakaenda mdogo mdogo. Dereva hakuweza kuwapita wala kurudi. Nyuma yake honi zikaanza, moja, tatu, kumi. Mwenye pikipiki alipita pembeni akampigia dereva kofi juu ya bati, "Wewe vipi, umelala?" Mwenye lori alitoa kichwa na kuzitaja namba za kibalozi na mama aliyezizaa. Yaya, bila kugeuka, akaongeza neno moja la mtunza bustani.

Gari lilisimama nje ya kituo. Katibu alishuka, akajifuta paji la uso, akawafuata mpaka ndani, akaegemea mlango wa chumba cha mashtaka kama mtu aliyekuja kuona rangi ya ukuta. Nyuma ya kaunta alikaa afande wa zamu, mama mnene mwenye sauti ya kuendeshea gwaride, na kitabu kikubwa mbele yake.

"Haya, nani mwenye shida?"

"Mimi," yaya alisema.

"Jina?"

Akalitaja lote, na la babu yake.

"Unaishi wapi?" afande alinguruma, kalamu tayari.

Kwenye kizingiti, katibu aliinamisha kichwa upande mmoja, kidogo tu, kama mtu anayetafuta wimbo kwenye redio. Shangazi alifungua mdomo, kisha akaufunga. Jibu halikuwa lake.

"Afande," yaya alisema, "nitakuambia yule akitoka."

Afande akainua macho. "Yule ni nani yako?"

"Si wangu. Anataka tu kusikia."

"Bwana," afande alimwita katibu, "una shida gani?"

"Mimi ni mwanadiplomasia."

"Sijakuuliza kazi. Nimekuuliza shida. Huna shida, tupishe, mwenye shida anazungumza."

Katibu alimtazama afande, akamtazama Shangazi, akatafuta mtu wa kumpandia juu, na pale hapakuwa na juu. Akatoka. Kupitia dirisha lililo wazi walimwona anasimama kwenye ngazi, mgongo umegeuka, sikio halijageuka.

Yaya aliinama juu ya kaunta mpaka nywele zake zikagusa kitabu. Anwani aliitoa kwa kunong'ona, na afande akaiandika. Halafu akanyooka, akakunja mkono wa sweta, na yaliyobaki akayasema kwa sauti kubwa, neno kwa neno, ili aliyesimama nje ayasikie vizuri.